Je, Elysia chlorotica Anaishi kwa Jua? Kisa cha Koa Anayeiba Kloroplasti

Kila baada ya muda huzuka mtandaoni picha ya kiumbe cha kijani kinachofanana na jani, na chini yake maelezo kwamba mnyama huyu ameiba uwezo wa mimea, ameiba hata jeni zao, na sasa anaishi kwa mwanga wa jua bila kula. Anayesemwa ni Elysia chlorotica, koa wa bahari wa pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini. Maelezo hayo yamechanganya jambo la kweli kabisa, jambo ambalo ushahidi umelikataa, na jambo ambalo wanasayansi wanaendelea kulibishania. Nitayafungua moja baada ya jingine, nikianzia pale koa huyu anapoishi, kwa sababu bila kupafahamu mahali hapo ni vigumu kuelewa wizi wenyewe unamsaidia nini.

Kwanza tumfahamu kwa sura. Wengi wana urefu wa sentimita 2 hadi 3, na wakubwa kabisa hufikia 6. Mwili wake ni bapa na laini, hauna gamba. Pande zake mbili zimetanuka, na anapozikunjua anakuwa na umbo la jani, hata na vijirija vinavyotawanyika kuanzia katikati kwenda pembeni kama mishipa ya jani. Kichwani ana pembe mbili za kunusia, na nyuma ya kichwa, mgongoni, kuna kinundu kidogo ambacho ndani yake unapiga moyo. Jina lake la kisayansi lilichapishwa mwaka 1870 katika kazi ya Augustus Addison Gould kuhusu wanyama wasio na uti wa mgongo wa Massachusetts. Yumo katika kundi la makoa wanaofyonza utomvu wa mwani, na watu humchanganya mara nyingi na jamaa yake Costasiella kuroshimae, yule mdogo wa bahari za Asia mwenye macho mawili meusi yaliyokaribiana ambaye picha zake zimependwa sana. Hao ni wanyama wawili tofauti, na yanayothibitishwa kwa mmoja hayathibitiki moja kwa moja kwa mwingine. Nitalirudia jambo hilo baadaye, maana limeleta mkanganyiko mwingi.

Elysia chlorotica ameripotiwa kuanzia Nova Scotia nchini Kanada hadi Florida nchini Marekani. Haishi bahari ya wazi, wala hakai kwenye miamba inayopigwa na mawimbi. Makao yake ni vinamasi vya chumvi: nyanda za matope nyuma ya fukwe na kwenye midomo ya mito, zilizofunikwa na nyasi zinazostahimili maji ya bahari na kukatwakatwa na vijito na vidimbwi. Maji hujaa na kupwa humo mara mbili kwa siku. Bamvua ikifika, bahari hupanda hadi kwenye nyasi za juu na kujaza kila kidimbwi. Katika siku za maji mafu, vidimbwi vya juu vinaweza kukaa siku nyingi bila kuguswa na bahari. Hapo ndipo mambo hubadilika haraka. Jua la kiangazi likivipiga, maji hukauka kidogo kidogo na chumvi inazidi kukolea. Mvua kubwa ikinyesha usiku mmoja, kidimbwi kilekile kinakuwa karibu na maji baridi. Majira ya baridi huleta barafu juu yake.

Wanyama wengi wa bahari wangekufa katika mabadiliko hayo, maana maji yakiwa na chumvi chache huingia ndani ya seli na kuzivimbisha, na yakiwa na chumvi nyingi huzifyonza zikasinyaa. Koa huyu anastahimili kuanzia maji yaliyo karibu kuwa baridi kabisa hadi maji yenye chumvi zaidi ya mara mbili ya bahari. Seli zake huongeza au hupunguza molekuli ndogo zilizomo ndani yake ili zilingane na hali ya nje, na hivyo hurudisha ukubwa wao wa kawaida. Uwezo huu hautajwi sana, na nadhani unastahili umaarufu zaidi ya ulio nao. Bila uwezo huo asingeweza kuishi mahali ambapo chakula chake kinaota.

Chakula hicho ni kimoja: mwani uitwao Vaucheria litorea. Huota juu ya matope ya kinamasi, kwenye kingo za vijito na ndani ya vidimbwi, kwa nyuzi nyembamba za kijani zilizosongana. Nyuzi hizo zina sifa moja inayotawala kisa chote. Mimea mingi na mwani mwingi imejengwa kwa seli nyingi zilizotenganishwa na kuta. Uzi wa Vaucheria hauna kuta za kati. Ni mrija mmoja mrefu, na ndani yake viini vinavyobeba jeni, kloroplasti (vichembe vya kijani ambamo mimea hutengenezea sukari kwa mwanga) na vinginevyo vinaelea kwa uhuru kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Tazama sasa anavyokula. Koa hutambaa hadi kwenye uzi, huushika kwa midomo, na kuutoboa kwa jino moja lenye ncha. Kisha hufyonza. Kwa kuwa hakuna kuta ndani, tundu moja linatosha: maji ya kijani hutiririka na kuingia kinywani, na uzi unabaki mweupe, umenywea. Yote hushuka tumboni, ambalo kwa mnyama huyu si mfuko mmoja bali ni ile mirija niliyoitaja, inayosambaa mwili mzima chini kidogo ya ngozi. Seli zinazozunguka mirija hiyo humeza vipande vya chakula. Kiini cha mwani husagwa, na sehemu nyingine husagwa pia. Kloroplasti haziguswi. Zikiwa ndani ya mwani zilikuwa zimefungwa kwa tando nne. Ndani ya koa huonekana zikiwa na mbili, na zinaendelea kufanya kazi.

Jambo hilo ni la kweli, na limethibitishwa kwa njia nyingi. Mwaka 1965 watafiti wa Japani, Kawaguti na Yamasu, walitumia hadubini ya elektroni kuonyesha kwamba rangi ya kijani ndani ya koa wa jamii hiyo, Elysia atroviridis, ni kloroplasti za mwani. Miongo iliyofuata ilileta vipimo vya aina nyingi: makoa wakiangaziwa hutoa oksijeni, na wakipewa hewa ya ukaa yenye kaboni ya mnururisho, kaboni hiyo baadaye hupatikana ndani ya molekuli za miili yao. Elysia chlorotica ndiye aliyewashangaza wengi kwa urefu wa muda anaozitunza. Makoa waliokusanywa porini na kuwekwa kwenye tangi lenye mwanga, bila mwani wowote wa kula, waliishi miezi 9 hadi 10, na kloroplasti zao ziliendelea kufanya kazi. Spishi nyingi zinazofyonza mwani husaga kloroplasti ndani ya siku au wiki chache.

Wizi huo haurithiwi. Mayai hayana kloroplasti hata moja. Kinda linapotoka katika hali ya lava, yaani hatua ya kwanza ya uchanga baada ya yai, baada ya wiki mbili hadi tatu za kuelea majini, hugusana na Vaucheria na kugeuka koa mdogo wa rangi ya hudhurungi mwenye madoa mekundu. Akianza kula, ukijani huanza kuonekana ndani ya siku chache, na madoa mekundu hufifia. Akiondolewa kwenye mwani mapema, kloroplasti alizomeza hupotea na yeye hafiki mbali. Inambidi ale mfululizo kwa takriban wiki moja ndipo zikae ndani yake kwa kudumu. Katika siku hizo hizo seli zake hujaa vitone vya mafuta kwa wingi. Kila kizazi basi huanza kikiwa hudhurungi, na kila koa huiba zake mwenyewe.

Sasa tufike kwenye fumbo, na hapa ndipo hadithi ya jeni ilipozaliwa.

Kloroplasti si kifaa kinachojitegemea. Mababu zake walikuwa bakteria waliokuwa wakiishi peke yao, waliomezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Tangu wakati huo jeni zake nyingi zimehamia kwenye kiini cha seli iliyoimeza. Jenomu (yaani jumla ya DNA) ya kloroplasti ya Vaucheria litorea, iliyochapishwa mwaka 2008, ina jeni 139 za kutengeneza protini, ilhali kloroplasti huhitaji protini zaidi ya elfu moja. Zinazobaki hutengenezwa kwa maagizo ya kiini na kupelekwa ndani. Isitoshe, mwanga wenyewe huharibu mitambo inayoupokea. Protini iitwayo D1, iliyo katikati ya kazi ya kuvunja maji na kutoa oksijeni, huharibika mara kwa mara mchana na lazima iondolewe na kuwekwa mpya. Koa amechukua kloroplasti na kukisaga kiini. Ni sawa na mtu aliyeiba gari bila fundi wala spea. Lingetarajiwa kuzima ndani ya siku chache. Miezi 10 haielezeki kirahisi.

Maelezo yaliyovutia zaidi yalikuwa kwamba koa ameiba na jeni pia. Mwaka 2008 kundi la Mary Rumpho, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Maine, lilitangaza kwamba limekuta ndani ya DNA ya Elysia chlorotica jeni ya mwani iitwayo psbO, ambayo hutengeneza protini inayohitajika katika utoaji wa oksijeni. Sidney Pierce wa Chuo Kikuu cha South Florida na wenzake waliripoti jeni nyingine za mwani. Kama ingekuwa hivyo, ungekuwa mfano wa ajabu wa jeni kuruka kutoka kwa mwani kwenda kwa mnyama na kufanya kazi ileile. Magazeti yaliipokea habari hiyo kwa shangwe, na naelewa kwa nini.

Tatizo lilikuwa kwenye kipimo. Mwili wa koa mzima umejaa mabaki ya mwani, na mbinu zilizotumika zina uwezo wa kunasa hata chembe chache sana za DNA. Ukikuta jeni ya mwani ndani ya mnyama aliyekula mwani, bado hujajua kama iko kwenye kromosomu zake au kwenye chakula chake. Njia safi ni kutazama mayai. Yai halijawahi kula. Jeni kama imo kwenye ukoo, lazima iwe humo. Mwaka 2013 Debashish Bhattacharya na wenzake, Rumpho akiwa miongoni mwao, walisoma DNA ya mayai ya Elysia chlorotica na hawakupata ushahidi wa jeni za mwani zilizorithiwa. Ninalitaja jina la Rumpho makusudi: ni kundi lililolitetea wazo ndilo lililoshiriki kulijaribu na kuchapisha matokeo yaliyolipinga. Mwaka 2014 Pierce na wenzake walijibu kwa picha za kromosomu zilizopakwa alama, wakasema jeni moja ya mwani inaonekana humo. Lakini mwaka 2019 jenomu ya awali ya koa huyu ilichapishwa, na haikuonyesha jeni za mwani zinazoweza kuendesha usanisinuru, yaani ile kazi ya kutengeneza sukari kwa mwanga. Mwaka 2021 jenomu ya jamaa yake, Plakobranchus ocellatus, ambaye naye hutunza kloroplasti kwa miezi, ilitoa jibu hilohilo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni wazi: mtu akikuambia leo kwamba Elysia chlorotica ameiba jeni za mimea, anakupa dhana ya mwaka 2008 ambayo haikusimama ilipopimwa vizuri. Ni makosa kuendelea kuiandika kama ukweli.

Basi kloroplasti zinadumu vipi? Jibu linaelekea sehemu mbili. Sehemu ya kwanza iko kwa mwani wenyewe. Kloroplasti za Vaucheria ni sugu kuliko za mimea ya nchi kavu. Zikitolewa nje ya seli zinaweza kuendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa, wakati za mimea mingi huchoka ndani ya saa chache. Miongoni mwa jeni zake 139 imo ftsH, inayotengeneza kimeng'enya cha kung'oa D1 iliyoharibika ili nafasi iwe tayari kwa mpya. Katika mimea ya nchi kavu jeni hiyo ilishahamia kwenye kiini. Imo pia tufA, inayosaidia kutengeneza protini mpya. Kwa maneno mengine, kloroplasti hii ilibaki na baadhi ya zana za kujitengeneza yenyewe, na koa anayekula mwani huu tu amejikuta na kloroplasti zilizo tayari kuishi mbali na kiini.

Sehemu ya pili iko kwa koa, na hapa utafiti umesogea hivi karibuni. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakimchunguza Elysia crispata, walieleza kwamba kloroplasti hufungiwa ndani ya vifuko vilivyotengenezwa na koa mwenyewe, wakaviita kleptosomu. Utando wa kifuko una njia za kupitisha chaji ambazo huiweka hali ya ndani katika kiwango kinachoifaa kloroplasti. Koa akiwa na chakula, kifuko huhifadhi. Akishikwa na njaa, kifuko hicho hicho hugeuka kuwa mahali pa kusaga, na rangi ya kijani huondoka mwilini. Narudia onyo langu la mwanzo: huyo ni crispata, hula aina kadhaa za mwani na huishi bahari za joto. Picha za zamani za Elysia chlorotica zimeonyesha kloroplasti nyingi zikiwa zimelala moja kwa moja ndani ya seli, hivyo ugunduzi huo hauwezi kubebwa ulivyo na kupachikwa kwake.

Linabaki swali la tatu, ambalo ndilo watu hulidhani limeshajibiwa: je, anaishi kwa jua? Kwamba kloroplasti zinafanya kazi ndani yake hakuna ubishi. Kwamba kazi hiyo ndiyo inayomweka hai ni dai jingine, na linahitaji jaribio lake. Mwaka 2014 watafiti waliokuwa Ujerumani, Gregor Christa akiwa mwandishi wa kwanza, walichukua Plakobranchus ocellatus na Elysia timida, wakawanyima chakula. Baadhi waliwekwa kwenye mwanga, wengine gizani, na wengine wakapewa kemikali ya kuzuia usanisinuru. Wote walipungua, lakini waliokosa mwanga au kuzuiwa usanisinuru hawakufa upesi kama ambavyo ingetarajiwa kwa mnyama anayelishwa na jua. Makoa wengi wana uwezo wa kukaa na njaa muda mrefu kwa kuutumia mwili wao wenyewe, na kloroplasti nazo ni chakula wakati zinaposagwa polepole.

Hapo baadhi ya waandishi walirukia upande wa pili, wakatangaza kwamba mwanga hauna faida yoyote. Nayo si kweli. Mwaka 2021 Paulo Cartaxana na wenzake nchini Ureno walionyesha kwamba kwa Elysia timida, kaboni inayonaswa na kloroplasti huenda hadi kwenye viungo vya uzazi, na makoa waliopata mwanga wa kutosha walitaga mayai mengi zaidi. Mwanga basi huongeza kitu, hasa kwenye uzazi, hata kama si ndio unaomtenganisha koa na kifo.

Mimi naona kwa Elysia chlorotica maelezo yenye uzito ni haya: kloroplasti ni akiba inayojiongezea kidogo. Anaishi mahali ambapo chumvi, joto na barafu vinaweza kuufanya mwani upungue au usifikike, naye hali kitu kingine. Mnyama wa namna hiyo akiwa na mwilini kitu kinachozalisha sukari na mafuta leo, na kinachoweza kuliwa kesho mwani ukikosekana, ana nafasi ya kufika majira ya kuchipua. Na kufika huko ndiyo shughuli yote ya maisha yake. Kila koa ana viungo vya kiume na vya kike. Majira ya kuchipua hutaga nyuzi za mayai zilizofunikwa na ute, kisha watu wazima hufa karibu wote kwa wakati mmoja, hata wale waliofugwa kwenye matangi. Mwaka 1999 Pierce, Rumpho na wenzao waliripoti kwamba makoa wanaokufa huwa na chembe za virusi kwa wingi ndani ya seli zao, na kwamba hali hiyo ilijirudia mwaka baada ya mwaka. Maisha yao ni kama miezi 10 au 11, muda unaokaribiana na ule wa kloroplasti kudumu ndani yao.

Wengi wa makoa waliotumika katika tafiti nilizozitaja walikusanywa kwenye vinamasi, hasa kisiwani Martha's Vineyard katika jimbo la Massachusetts. Wapo pia Minas Basin huko Nova Scotia, kwenye Ghuba ya Fundy ambako tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita 15. Vinamasi hivyo vimeumizwa kwa muda mrefu. Walowezi wa Kifaransa wa Fundy walianza kuvizuia kwa matuta karne ya 17 ili wapate mashamba. Kusini zaidi, kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930, takriban asilimia 90 ya vinamasi vya chumvi kati ya Maine na Virginia vilikuwa vimechimbwa mitaro ya kukausha maji ili kupambana na mbu, na vidimbwi vilivyokuwa vikishikilia maji vikatoweka. Sasa bahari inapanda, na pale ambapo barabara na nyumba zimejengwa nyuma ya kinamasi, nyasi hazina pa kurudi nyuma.

Kumfuga Elysia chlorotica kuanzia yai ni kazi kubwa. Lava wanahitaji mwani mdogo wa kuelea, kisha wapatiwe Vaucheria hai kwa wakati unaofaa, na makinda wengi hufa njiani. Ndiyo maana maabara nyingi zimehamia kwa timida na crispata, wanaofugika kwa urahisi zaidi. Lakini kleptosomu za chlorotica, kama zipo, zitaonekana ndani ya chlorotica tu, na hali kadhalika jaribio la giza na mwanga linalofuata koa tangu siku anayogeuka kijani hadi siku anayotaga. Makoa wa kufanyia kazi hiyo bado itabidi watoke kwenye vidimbwi vya pwani ile.